Neema haidaiwi kabla wala baada: jibu kwa mama wa Bagamoyo

Mama mmoja wa Bagamoyo, anayekaanga samaki na kuuza karibu na soko la ufukweni, ameniandikia barua ndefu. Ameniruhusu nimjibu hadharani mradi nisimtaje jina. Kiini cha barua yake ni hiki:

"Shikamoo Mchungaji. Mwanangu ana kifafa. Mahali ninaposali siku hizi niliambiwa nipande mbegu ili neema ya uponyaji ifunguke. Nilitoa nilichokuwa nacho, nikaweka na ahadi ya kumalizia. Mtoto bado anaanguka, na sasa naambiwa mbegu yangu ilikuwa ndogo na imani yangu haba. Halafu shemeji yangu amefariki. Huyu alimtelekeza dada yangu na watoto akaenda kuponda maisha. Siku za mwisho, akiwa hospitalini, akatubu, akapewa na Ushirika Mtakatifu. Msibani mhubiri akasema yuko na Bwana. Mimi nimeimba kwaya tangu usichana, nimefagia kanisa, nimetoa fungu la kumi hata siku ambazo nyumbani hakuna unga. Kama neema ni bure, mbona mimi nalipishwa? Na kama ni bure kweli, ni haki gani shemeji aipate sawa na mimi? Na ile ahadi niliyobakiza, niimalizie? Naogopa laana."

Marahaba, mama. Pole kwa msiba, na pole zaidi kwa mzigo wa mtoto.

Nianze na mtoto, maana mengine yanaweza kungoja, lake haliwezi. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Si pepo, si laana ya ukoo, si adhabu ya sadaka ndogo, wala hakimwambukizi mtu anayemshika mgonjwa anapoanguka. Kina dawa, na wagonjwa wengi wanaomeza dawa zao kila siku kama walivyoelekezwa hukaa muda mrefu bila kuanguka. Barua yako haisemi kama mtoto bado anameza. Ikiwa umemwachisha kwa kuambiwa kwamba dawa ni kukosa imani, mrudishe kliniki mapema, usingoje mkesha wala semina. Na akianza tena, asiachishwe ghafla bila daktari, kwa sababu kukatiza dawa za kifafa kunaweza kuleta kuanguka kwa mfululizo, na mtoto anaweza kufa katika hali hiyo. Maombi na vidonge havigombani. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Isome sura hiyo mwanzo hadi mwisho, mama. Hakuna bei mle.

Sasa hilo la kulipishwa. Umeuziwa kitu ambacho muuzaji hakuwa nacho. Nalisema neno hili kwa uchungu, maana walioliacha kundi likauziwa neema ni sisi wachungaji sote, tuliokaa kimya tukiogopa kuitwa wenye wivu.

Biblia ina habari moja ambayo natamani ingesomwa katika kila ibada ya uponyaji. Iko katika Wafalme wa Pili, sura ya 5. Naamani, jemadari wa Shamu, alikuwa na ukoma. Akafunga safari kwenda Israeli na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10. Alikuja tayari kulipa, kama mkubwa yeyote aliyezoea kulipia anachotaka. Elisha hakutoka hata mlangoni kumwona. Alimtuma mjumbe amwambie akajichovye mara saba katika Yordani. Naamani alikasirika. Alipokubali akapona, alirudi na mzigo wake wote akimsihi nabii apokee zawadi. Elisha akaapa kwa jina la Bwana kwamba hapokei kitu.

Kwa nini akatae? Zawadi ingekuwa halali, tena manabii wale hawakuwa matajiri. Alikataa kwa sababu Naamani alikuwa mgeni kwa Mungu wa Israeli, na jambo la kwanza alilopaswa kulijua juu ya Mungu huyo ni kwamba hanunuliki. Lakini Gehazi, mtumishi wa Elisha, alimkimbilia Naamani njiani, akatunga uongo wa wageni waliofika ghafla, akaomba talanta moja na mavazi mawili. Alipewa talanta mbili. Akarudi nazo, akazificha nyumbani, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Wengi huhubiri kwamba kosa la Gehazi lilikuwa tamaa na uongo. Hayo yapo. Lakini kuna zito kuliko hayo: aliiandikia neema ya Mungu bei baada ya Mungu kuitoa bure, na hivyo akamfanya Naamani aondoke akidhani kwamba alilipia. Alimharibia mgeni yule habari ya Mungu.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, Simoni mchawi anawawekea Petro na Yohana fedha mezani ili apewe uwezo wa Roho Mtakatifu. Petro anamjibu kwa ukali ambao leo tungeuita utovu wa adabu: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Mtume alikuwa na uhitaji wa fedha kama mtumishi yeyote, na bado hakuipokea hata kwa matumizi ya kanisa.

Utasema: mbona mstari wa mbegu upo? Upo, ni Wakorintho wa Pili 9:6, apandaye haba atavuna haba. Ila hukusomewa ulikotoka. Paulo alikuwa anakusanya mchango kwa ajili ya Wakristo maskini wa Yerusalemu. Fedha ile haikuwa yake, na alipanga ipelekwe na watu walioaminiwa na makanisa ili lawama isiwepo. Na mstari unaofuata palepale, wa 7, unasema kila mtu atoe "si kwa huzuni, wala si kwa lazima". Wewe ulitoa kwa huzuni na kwa lazima, ukiwa na mtoto mgonjwa mgongoni. Mstari ulioandikwa ili maskini wasaidiwe ulitumika kumkamua maskini.

Jambo hili si geni katika historia ya Kanisa. Mwaka 1517, huko Ujerumani, watu waliuziwa vyeti vya rehema, yaani vya kupunguziwa adhabu ya dhambi, na sehemu ya fedha ilikwenda kujenga Basilika la Mtakatifu Petro kule Roma. Ndipo mtawa Martin Luther alipoandika hoja zake 95 za kuipinga biashara hiyo. Mimi ni Mlutheri na ningeweza kuishia hapo kwa majivuno, lakini haki ni haki: Kanisa Katoliki lenyewe lilikuja kuifuta biashara hiyo, na mwaka 1567 Papa Pius wa Tano alipiga marufuku rehema zozote zinazotolewa kwa malipo. Kwa hiyo makanisa haya mawili, yaliyogombana kwa karne nyingi, yangekuambia neno moja kuhusu mbegu yako.

Sadaka basi ni nini? Ni ya wajane, ya umeme wa kanisa, ya mshahara wa mwinjilisti, ya bati lililotoboka. Toa ukiwa nacho, toa kwa furaha, na udai kujua imetumikaje. Haifungui mlango wowote mbinguni, kwa sababu mlango haukufungwa.

Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja, mama, na naona kidonda chenyewe hakiko kwenye fedha. Kiko kwa shemeji. Hapo ndipo nataka nikae nawe.

Yesu alilijua swali lako, akalitolea mfano mzima katika Mathayo 20. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua, wanapatana dinari moja kwa siku. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na hata saa kumi na moja jioni anakuta watu wamesimama bila kazi, anawapeleka nao shambani. (Sisi wa pwani hatuhitaji mtu wa kutufafanulia saa hizo; wale nao walihesabu kuanzia macheo.) Jioni wa mwisho wanalipwa kwanza, dinari moja. Wa alfajiri wanapata matumaini, wanafika, wanapewa dinari moja. Wananung'unika: hawa wamefanya kazi saa moja tu, nawe umewasawazisha na sisi tuliostahimili taabu na hari ya mchana kutwa.

Hayo ndiyo maneno yako, mama. Kwaya, ufagio na fungu la kumi ndiyo taabu na hari ya mchana kutwa. Na mwenye shamba hawakemei wala hasemi taabu yao ni uongo. Anasema mambo mawili: sikudhulumu, tulipatana dinari, na pili, "Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?"

Nataka uangalie jambo ambalo mahubiri mengi hulipita. Dinari ile ilikuwa ujira wa siku, yaani chakula cha nyumba kwa siku moja. Mwenye shamba angetoa kwa kipimo cha saa, yule wa jioni angerudi kwake na kipande kisichotosha kulisha watoto. Na asingeweza kumpa wa alfajiri zaidi ya uzima, kwa sababu hakuna zaidi ya uzima. Mungu anapompa mtu wokovu anampa nafsi yake mwenyewe, na Mungu hagawanyiki nusu na robo ili shemeji apate kidogo nawe upate kingi. Ukidai fungu kubwa kuliko la mwivi wa msalabani, hakuna ghala mbinguni lenye fungu hilo.

Tena sikiliza yale ambayo baba anamwambia mwana mkubwa katika Luka 15, yule aliyekataa kuingia ndani ndugu yake aliporudi. Mwana analalamika kwamba ametumika miaka mingi na hakupewa hata mwanambuzi. Baba anajibu: "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako." Kijana alikuwa nyumbani miaka yote akijihesabu kibarua. Naogopa ndivyo ilivyokuwa kwako, na kosa si lako peke yako, tulikufundisha hivyo. Zile asubuhi za kwaya, sauti za wenzako, Zaburi zilizokushika ulipozaa na ulipofiwa, hayo yote ulikuwa unapokea. Shemeji alikosa yote hayo. Alikuja saa kumi na moja, na miaka aliyoipoteza nje haikurudi. Ningekuuliza kama ungetaka kubadilishana naye maisha, najua jibu lako.

Lakini sitaki kukimbia uchungu wa dada yako, kama ilivyofanyika msibani. Msamaha wa Mungu kwa mume haufuti njaa ya watoto wake. Mhubiri aliposema marehemu yuko na Bwana bila kutaja neno moja juu ya mke aliyeachwa, aliwafanya wengi waamini kwamba neema ni namna ya kuwafunika wenye makosa. Tazama Zakayo katika Luka 19. Yesu aliingia nyumbani kwake kabla hajarudisha hata senti, na hiyo ndiyo neema. Kisha Zakayo akasimama mwenyewe, hajaombwa, akasema nusu ya mali anawapa maskini na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Neema ya kweli inapomfikia mtu, waliodhulumiwa naye huonja matunda yake. Shemeji hakupata muda. Basi ndugu zake walio hai, waliokula ubwabwa wa msiba, wanao muda. Ada ya watoto na haki yao katika alichokiacha ni mambo ya kuyasimamia sasa, na mchungaji wa usharika wao asione haya kukaa kwenye kikao hicho. Dada yako akiambiwa anyamaze kwa kuwa marehemu alitubu, mwambie asinyamaze. Kudai haki ya watoto si kukataa kusamehe.

Kama shemeji yuko na Bwana au la, mimi sitoi hati hiyo, wala mhubiri yule hakuwa nayo. Najua tu kwamba mlango aliobisha ni ule ule ninaoutegemea mimi. Hata toba yake haikuwa malipo. Wengine wanafikiri mtu analia sana ndipo Mungu anaridhika, kana kwamba machozi ni sarafu ya mwisho ya aliyeishiwa. Toba ni kugeuka na kunyoosha mkono. Kinachowekwa mkononi ni cha mtoaji.

Katika karne ya tano palikuwa na ubishi mkubwa juu ya hili, na aliyesimama katikati yake alikuwa Mwafrika: Augustino, askofu wa Hipo, mji ulioko katika Aljeria ya leo. Upande wa pili alikuwapo Pelagio, mtu aliyetoka Uingereza, mwenye maisha safi, aliyechukizwa na Wakristo wavivu. Pelagio alifundisha kwamba mwanadamu akitaka anaweza kutimiza amri za Mungu kwa nguvu zake. Alikuwa na nia njema, naye angekupenda sana, mama, kwa bidii yako. Augustino alimpinga kwa kurudia tena na tena swali la Paulo katika Wakorintho wa Kwanza 4:7: "Nawe una nini usichokipokea?" Hata ile hamu ya kumtafuta Mungu ulipewa. Mwaka 418 maaskofu waliokutana Kartago, Afrika hii hii, waliyakataa mafundisho ya Pelagio. Kwa hiyo anayekuambia kwamba habari ya neema tuliletewa na Wazungu, mjibu kwamba hoja zake kubwa ziliandikwa pwani ya bara letu.

Najua kuna swali linafuata, hata kama hukuliandika, kwa sababu kila ninapofundisha jambo hili Bagamoyo linaulizwa, na mara nyingi wanaouliza ni majirani zetu Waislamu, kwa heshima na kwa haki kabisa: kama yote ni bure, nini kinamzuia Mkristo kutenda atakavyo? Paulo aliulizwa hivyo hivyo. Katika Warumi 6 analirudia swali kwa maneno ya waulizaji wake, tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi, na kujibu kwa neno moja: hasha. Anaeleza kwamba aliyebatizwa amekufa pamoja na Kristo, na mfu hatumikishwi tena na bwana wake wa zamani.

Hapa Bagamoyo maneno hayo yana uzito ambao msomaji wa mbali hawezi kuusikia. Misafara ya pembe na ya watumwa iliishia ufukweni hapa. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao mjini, na moja ya kazi zao kubwa ikawa kuwakomboa watumwa kwa fedha na kuwapa makao. Mnara wa kanisa lao la kwanza la mwaka 1872 bado upo, na mahali hapo ndipo mwili wa Livingstone, msafiri na mmisionari Mskoti aliyefia bara, ulipopumzishwa Februari 1874, ulipoletwa na wahudumu wake Chuma, Susi na wenzao. Mtoto aliyekombolewa hakuchangia hata peni moja katika bei yake. Hakuweza, bei ilikuwa yeye mwenyewe. Alilipiwa na mtu asiyemjua, pingu zikafunguliwa.

Mpaka hapo ni mfano mzuri wa neema, na mahubiri mengi huishia hapo. Mimi naona lazima tuendelee, maana yaliyofuata yanafundisha zaidi. Waliokombolewa waliishi chini ya kengele na amri za misheni. Walifanya kazi mashambani na kwenye karakana, na wapo waliohisi kwamba wamebadilishiwa bwana tu. Baadhi yao waliondoka. Sisemi hivi kuwashutumu mapadre wale, ambao wengi walikufa vijana kwa homa wakiwahudumia watu hao hao. Nasema kwamba mwanadamu hata akikomboa kwa upendo, mkono wake unaona ugumu kuachia. Anakumbuka alilipa. Mungu ndiye pekee aliyelipa akaachia. Paulo anaandika katika Wakorintho wa Kwanza 7:23, "Mlinunuliwa kwa thamani; msiwe watumwa wa wanadamu", na katika Wagalatia 5:1, "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru; kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Wazee wa pwani hii waliusikia mstari huo wakijua mtu aliyepewa hati ya uhuru anavyoishika. Mtu wa namna hiyo harudi sokoni kujiuza ili kuonyesha shukrani.

Ndiyo maana Amri Kumi hazianzi na amri. Zinaanza na habari: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Waisraeli walivushwa bahari kwanza, wakafika Sinai baadaye. Sheria walipewa watu walio huru tayari, ili wajue jinsi watu huru wanavyoishi pamoja bila kuibiana na kuuana. Na Waefeso 2, mahali ambapo sote tunaponukuu kwamba "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani", haiishii mstari wa 9 kwenye "wala si kwa matendo". Mstari wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Matendo yapo. Yanakuja baada ya wokovu.

Kinachotusumbua watu wa pwani ni malezi mazuri tuliyopewa. Jirani akikuletea futari kwenye sahani yake, sahani hairudi tupu. Utaweka hata maembe mawili ndipo uirudishe. Nimekulia katika desturi hiyo na ninaipenda, kwa kuwa ndiyo inayofanya mtaa uwe mtaa. Warumi wa zama za Paulo nao walikuwa na desturi kama hiyo, kali zaidi: zawadi ilimfunga aliyeipokea, na mwanafalsafa wao Seneca aliandika kwa kirefu jinsi mtu anavyopaswa kuwa makini katika kuchagua wa kumpa. Paulo aliwaandikia Wakristo wa Roma, mji huo huo wa desturi hiyo, kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Mungu hakuchagua wa kufaa. Basi tunapopokea neema, mkono wetu wa adabu unatafuta cha kuweka kwenye sahani ili tuirudishe, na hatukioni, na badala ya kutulia tunaanza kujisumbua: kufunga siku nyingi zaidi, ahadi kubwa zaidi, hofu. Mungu hana njaa, mama. Sahani hiyo hairudi kwake. Yesu aliwaambia wanafunzi katika Mathayo 10:8, "mmepata bure, toeni bure", na alikuwa anawatuma kwa wagonjwa na wenye ukoma. Ulichopokea kinakwenda kwa jirani, kwa mtoto wako, kwa watoto wa dada yako, na kwa mama wa meza ya pili sokoni ambaye samaki wake wameharibika leo. Ukifagia kanisa Jumamosi ijayo, fagia kwa sababu watu watakaa hapo.

Kuhusu tofauti za makanisa nitapita haraka, maana hukuuliza ila najua utakutana nazo. Wakatoliki na Walutheri walilaaniana juu ya suala hili hili la namna mtu anavyohesabiwa haki. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulitoa hati yake juu ya suala hilo mwaka 1547. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri la Dunia, ambalo KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, ni mwanachama wake, walitia saini tamko la pamoja likisema kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, katika imani kwa kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu, na kwamba tunapokea Roho Mtakatifu anayetuwezesha kutenda mema. Wamethodisti waliungana na tamko hilo mwaka 2006. Bado kuna mambo ambayo hatukubaliani. Lakini ukimsikia Mlutheri akisema Wakatoliki wanafundisha kununua mbingu, au Mkatoliki akisema Walutheri hawajali matendo, ujue hajasoma.

Nimalizie na ahadi yako. Wamekusomea bila shaka Mhubiri sura ya 5, kwamba uliyemwekea Mungu nadhiri usikawie kuiondoa. Nadhiri ni jambo zito, sikatai. Lakini nadhiri ni neno ambalo mtu analitoa kwa Mungu kwa hiari, na wewe uliitiwa kiwango mbele ya watu, kwa ahadi ya uponyaji ambao mwanadamu hana mamlaka ya kuuahidi. Tena hata katika Sheria ya Musa, Walawi 27:8, mtu aliyeweka nadhiri kisha akawa maskini asiyeweza kutoa kima chake, alikwenda mbele ya kuhani, na kuhani akampangia kingine kwa kadiri ya uwezo wake. Kuhani hakumtishia laana. Basi nichukulie mimi kuwa ndiye uliyemwendea, nami nakupangia: hudaiwi kitu tena. Fedha hiyo nunulia dawa za mtoto, na ikibaki iwe nauli ya kumpeleka kliniki tarehe aliyoandikiwa. Wakikuuliza, waambie mchungaji fulani amekwambia hivyo, nao waje wazungumze nami.